Huko si Kushea, Huko ni Kudandia!

Ndugu msomaji, kama umewahi kupanda gari kutoka Kiwira kuja Tukuyu, basi unaujua mlima ule. Lori lililosheheni linapanda kwa kunguruma, moshi mweusi nyuma, mwendo wa kinyonga. Hapo ndipo watoto wanapochomoka kwenye migomba, wanakimbia, wanakamata vyuma vya nyuma na kuning'inia. Kitendo hicho kina jina, nalo ni kudandia. Mama akimwona mwanawe atapaza sauti, "Umedandia tena gari la watu!" na barabara nzima itaelewa kosa liko wapi. Mtoto hajaiba lori. Lori lipo, shehena ipo, dereva yupo. Lakini mafuta ni ya mtu mwingine, injini ni ya mtu mwingine, na ruksa hakuomba.

Nakuomba ulishike neno hilo mkononi, maana nitalihitaji.

Mimi ni kijana wa hapa hapa Tukuyu. Nilimaliza kidato cha nne, matokeo yakaja kama yalivyokuja, na sasa naajiriwa kwenye steshenari. Kazi yangu ni kutoa fotokopi: vyeti, barua za maombi ya kazi, mitihani ya majaribio. Nayataja haya si kwa kujisifu bali ujue kwamba kama kuna mtu anayejua kunakili ni nini, mtu huyo ni mimi. Mchana nanakili ya wenzangu, usiku naandika ya kwangu. Nataka kuwa mwandishi wa riwaya. Ndiyo, najua unacheka. Hata baba mdogo alicheka.

Mwaka 2021 nilianza hadithi ndefu, nikaigawa sehemu 14. Sikuwa na fedha za kuichapa, nikaiweka kwenye ukurasa wangu mdogo wa mtandaoni, ule wa bure. Sehemu 10 za mwanzo kila mtu alizisoma bila kulipa. Zile 4 za mwisho msomaji alituma shilingi 1,000 kwa simu, nami nikamtumia. Ndivyo wanavyofanya vijana wengi wanaoandika Kiswahili siku hizi, kwa sababu mlango wa mchapishaji ni mwembamba na ufunguo hatuna. Niliandika kwa simu yenye kioo kilichopasuka, kwa bando nililolinyima tumbo langu. Wasomaji wakaja, mmoja mmoja, kisha makumi. Nikaanza kujiita mwandishi, ila moyoni tu.

Siku moja msomaji wangu wa Mbeya akaniandikia: "Kaka, mbona hadithi yako iko kwa fulani?" Nikafungua. Juu kabisa palikuwa na bango la tovuti ya mtu nisiyemjua. Kushoto na kulia matangazo ya kubeti yanamemeta kama taa za disko. Na katikati, ndani ya kisanduku, hadithi yangu! Nzima, neno kwa neno. Sehemu ya juu ya ukurasa wangu, yenye jina langu na namba yangu ya simu, ilikuwa imefichwa kwa ustadi nje ya kisanduku kile, mfano wa mtu anayekata kichwa kwenye picha ya arusi.

Kwanza nilidhani amenakili. Nikasema haya, huyu kadesa, kama wanafunzi wanavyodesa kwenye mtihani. Lakini kuna jambo likanishtua. Katika sehemu ya tatu nilikuwa nimekosea, nikaandika "Rugnwe" badala ya "Rungwe". Nikaingia kwangu kwa aibu, nikasahihisha. Nikarudi kutazama kwake. Kosa limesahihishwa na kwake pia, papo hapo! Nikafuta sentensi moja kwangu, ikafutika kwake. Nikairudisha, ikarudi.

Hapo ndipo nilipoelewa. Bwana yule hakunakili hata herufi moja. Alichofanya ni kuweka kwenye ukurasa wake mstari mmoja wa maagizo unaoiambia simu ya msomaji: nenda kwa yule kijana, uuchote ukurasa wake, uje uuonyeshe hapa kwangu. Hadithi ilibaki nyumbani kwangu. Kila msomaji alipofungua kwake, aliyehudumia alikuwa ukurasa wangu. Yeye alitoboa dirisha kwenye ukuta wake, dirisha linalotazama ndani ya nyumba yangu, kisha akawakalisha watu mbele ya dirisha hilo na kuwauzia karanga.

Nikamwandikia kwa adabu zote. Akajibu upesi, tena kwa uchangamfu: "Mshikaji, sijaiba kitu, nimeshea tu. Hapo nimekupa promo, ulitakiwa ushukuru."

Nimeshea tu! Wasomaji wapenzi, ugomvi wangu wote wa leo uko kwenye maneno hayo mawili.

Nilipokwenda kulalamika kwenye ofisi moja, ofisa akanisikiliza vizuri tu, kisha akauliza:

"Kijana, kimeibwa nini?"

"Hadithi yangu, mzee."

"Hadithi yako sasa iko wapi?"

"Ipo kwenye ukurasa wangu."

"Ipo yote?"

"Yote, mzee."

"Sasa kimeibwa nini?"

Nikasimama pale kama kuku aliyenyeshewa, na mvua ya Tukuyu unaijua. Sikuwa na jibu. Si kwamba sikuwa na haki, haki nilikuwa nayo. Nilichokosa ni neno. Nilisema "ameiba" likagoma, maana mali ipo. Nikasema "amenakili" likagoma, maana hakunakili. Nikasema "ameazima" nikajicheka mwenyewe, kwani anayeazima hupiga hodi. Yule mwenzangu alikuwa na neno lake tayari, tamu, la kisasa: kushea. Mimi mwenye mali sikuwa na kitu. Katika ugomvi wowote, ndugu zangu, mwenye jina la jambo ndiye anayeshinda nusu ya kesi kabla hajafungua kinywa.

Na gharama ya kukosa neno niliilipa baadaye. Mswada ulipokamilika niliupeleka kwa mtu mmoja anayejua mambo ya vitabu, nikiwa nimeupiga chapa, nimeubana vizuri, nimevaa na shati la pasi. Akasoma kurasa mbili, akanitazama kwa huruma. "Kijana," akasema, "hii nimeshaisoma kwa fulani. Usiibe kazi za watu." Mimi! Nikaambiwa mwizi wa mtoto niliyemzaa mwenyewe! Usiku ule sikuandika. Wala uliofuata. Kwa miezi mitatu sikuandika hata mstari.

Kwa hiyo anayeniambia kwamba majina ni mambo ya wasomi wa kamusi, nisamehe, sikubaliani naye.

Hebu tutazame jambo la karibu. Wakulima wa viazi wa Isongole wanalijua gunia linaloshonewa kofia juu, likavimba kama mwenye matumbwitumbwi, halafu mchuuzi analinunua kwa bei ya gunia moja. Ungesema tu "gunia limezidi kidogo", mchuuzi angekujibu "kidogo tu, mzee, tusaidiane". Lakini tunalo neno: lumbesa. Ukitamka lumbesa, mkulima anaelewa, dereva anaelewa, redio inaelewa, Wakala wa Vipimo anaelewa, na mchuuzi mwenyewe anaangalia pembeni. Je, neno limemaliza lumbesa? La hasha! Bado ipo. Ila hakuna mtu anayesimama hadharani kuitetea kwa jina lake. Anayeifanya anajificha. Neno haliwezi kumfunga mtu pingu, lakini linaweza kumvua kanzu ya uungwana.

Kitendo hiki cha mtandaoni hakijavuliwa kanzu. Na msidhani ni sisi wa migombani tu tuliobabaika. Mwezi Februari 1997, kule New York, makampuni makubwa ya habari, Washington Post na CNN wakiwemo, yaliishitaki tovuti iliyoitwa TotalNews. Kosa lake? Ilikuwa inaonyesha kurasa za magazeti yao ndani ya fremu yake, huku ikizungushia matangazo yake yenyewe. Mwezi Juni mwaka huohuo wakapatana nje ya hukumu: TotalNews iache fremu, iruhusiwe kuweka viungo vya kawaida tu vya kumpeleka msomaji kwa mwenyewe. Mnaona? Hata wao walitenganisha mambo mawili, kuelekeza na kuonyesha. Lakini kwa kuwa hakukuwa na hukumu, swali lilibaki bila jibu la mahakama.

Mwaka 2007 mahakama ya rufaa ya San Francisco, katika kesi ya picha zilizoonyeshwa na Google, ilisema kwamba asiyehifadhi picha kwenye kompyuta zake, bali anaifanya tu simu au kompyuta ya mtazamaji iende kuichukua kwa mwingine, huyo haonyeshi nakala. Nilipoyasoma haya nilicheka peke yangu. Kumbe yule ofisa wangu ni mwanasheria wa Marekani asiyejijua! Swali ni lilelile: kitu kipo wapi? Huko Ulaya nako, tarehe 9 Machi 2021, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua katika shauri lililotoka Ujerumani kwamba kama mwenye kazi ameweka vizuizi vya kiufundi dhidi ya fremu, na mtu akavipita, basi mtu huyo anaipeleka kazi kwa umma mpya na hana budi kupata ruksa. Sawa. Lakini anayetumia ukurasa wa bure kama mimi, vizuizi hivyo mara nyingi hana hata pa kuviwekea. Mwenye geti analindwa, mwenye ua wa matete ajiju!

Kwetu sheria haikosekani. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999, inailinda kazi ya mwandishi tangu inapotungwa, hata kama hajaisajili, kwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. COSOTA ipo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 nayo ina kifungu chake kuhusu haki za ubunifu. Nyumba imejengwa, milango ipo. Ila mlalamikaji anafika mlangoni hajui amwambie bawabu neno gani.

Basi mimi natoa neno. Huko ni kudandia. Anayefanya hivyo ni mdandiaji. Tabia yenyewe ni udandiaji. Kazi iliyofanyiwa hivyo imedandiwa.

Lipime neno hili uone linavyokaa. Mdandiaji hajachukua lori, na hapa hadithi haijachukuliwa. Mdandiaji anakwenda kwa mafuta ya mwingine, na hapa kila msomaji wake alihudumiwa kwa jasho na bando langu. Dereva akisimama, mdandiaji anasimama, kama vile kosa la "Rugnwe" lilivyosahihishika kwake nilipolisahihisha kwangu. Tena Kiswahili chenyewe kimeshalipanua neno: tunasema mtu amedandia hoja, amedandia treni kwa mbele. Sijalibuni mimi. Limelala hapo barabarani, nimeliokota na kulipangusa vumbi.

Atakuja mtu aseme, "Lakini kudandia ni mchezo wa watoto, huoni unampunguzia kosa?" Hoja nzuri. Namjibu hivi: mtoto wa Kiwira anadandia kwa sababu hana nauli. Huyu wa mtandaoni amedandia lori la watu, kisha akageuka akaanza kuwatoza nauli abiria wengine! Anasimama nyuma anapiga debe, "Twende, twende, gari letu hili!" Dereva yuko mbele anahangaika na mlima, hajui. Hapo si mchezo tena.

Wapo watakaosema ananitangaza. Mtangazaji gani anaficha jina la anayemtangaza? Kama kweli alitaka kunisaidia, angeandika mstari mmoja: "Kuna hadithi nzuri, nendeni kule." Huko kunaitwa kuelekeza, na anayeelekeza nitampokea kwa mikono miwili, nitamwambia ndaga fijo, na akija Tukuyu nitampa mkungu wa ndizi. Mgeni anayeuliza njia ya kwangu, mwelekeze. Usimweke kwako ukamwambia ndiko kwangu.

Wapo watakaosema hadithi hazina mwenyewe, mbona sisi Waafrika tulihadithiana bure motoni? Bibi yangu alinihadithia habari za sungura na fisi usiku mwingi wa mvua, wala hakudai senti. Kweli kabisa. Lakini alianzaje? Alianza hivi: "Mama yangu alinisimulia." Kila usiku, kabla ya sungura kuingia, kwanza aliingia mama yake. Msitumie jina la bibi yangu kumtetea mtu ambaye bibi yangu angemfukuza na mwiko.

Na wapo watakaoniuliza, "Wewe mwenyewe huna doa?" Ninalo. Mjini kwetu tunavyo vibanda umiza kama miji mingine. Mtu kalipia king'amuzi cha nyumbani, kapanga mabenchi, anatoza mlangoni. Nami nimekaa kwenye mabenchi hayo, nimeshangilia magoli hadi sauti ikakauka, wala sikujiuliza aliyeruhusu ni nani. Naungama mbele yenu. Hata hivyo mwenye kibanda hajawahi kutuambia kuwa mechi ile kaicheza yeye. Na tangu siku ile niliyoitwa mwizi, benchi lile halinikai vizuri.

Sasa nisikilizeni nilivyomaliza na yule bwana. Baada ya ile miezi mitatu nilikumbuka jambo: dirisha lake linatazama nyumbani kwangu. Basi kinachoonekana dirishani nakipanga mimi! Jioni moja, umeme umekatika, nikashika simu yangu yenye ufa. Nikaitoa sehemu ya kwanza, mahali pake nikaandika kwa herufi kubwa: UNASOMA HADITHI ILIYODANDIWA. MWANDISHI WAKE YUKO TUKUYU. Chini yake nikaweka jina langu na namba yangu. Nikalala.

Asubuhi maneno hayo yalikuwa yameng'ara katikati ya tovuti yake, chini ya bango lake, yamezungukwa na matangazo yake ya kubeti. Wasomaji wake wakaanza kumwuliza: "Bosi, kumbe umedandia?" Hawakuuliza "umekiuka hakimiliki?" Hawakuuliza "umetumia fremu bila idhini?" Waliuliza kwa neno wanalolijua tangu wakiwa na kaptula zilizotoboka. Barua zangu za adabu alizijibu kwa kucheka. Neno hilo hakulijibu. Siku ya tatu dirisha likazibwa.

Hakuniomba radhi. Yule mjuzi wa vitabu naye sijui kama amebadili mawazo. Wapo wasomaji ambao hadi leo wanaamini hadithi ni ya yule bwana, na nikijitambulisha wananiona mzushi. Sikupata fidia hata ya vocha. Nilichopata ni kwamba niliweza kukaa tena mezani nikaandika.

Waandishi wenzangu vijana, mlioko Tukuyu, Tanga, Kigoma na popote, nawaomba jambo dogo. Tumeona neno "kishikwambi" lilivyokuwa geni, watu wakalicheka, ikaja Sensa ya mwaka 2022 na leo hata mwalimu wa kijijini analitamka bila kujiuma ulimi. Maneno yanaishi yakitumiwa. Basi mkiona mwenzenu kaonyeshewa kazi yake kwenye kisanduku cha mtu, msiseme imeshewa. Semeni imedandiwa. Mkiwa mbele ya ofisa na akauliza kimeibwa nini, mwambieni hakijaibwa, kimedandiwa, na nauli inatozwa. Nao wa BAKITA, kama ukurasa huu utawafikia, walipime neno, walisahihishe wakipenda, ila wasituache mikono mitupu.

Na chini ya kila hadithi mnayoiweka mtandaoni, kabla hamjaandika jina la mtu mwingine yeyote, andikeni mistari hii miwili, haina hakimiliki, ichukueni:

Ruksa kuelekeza.

Marufuku kudandia.